Maana Nyepesi kwa Mtoto Anayeanza Kiingereza



Nimeombwa nizungumzie msamiati wa Kiingereza kwa watoto wanaoanza. Matamshi, tahajia na nyimbo nitaviacha. Nitashughulika na maana tu, yaani kile tunachomwambia mtoto anapouliza, "Mwalimu, hili maana yake nini?"

Darasani jambo hili tunalipita mbio. Neno linaandikwa ubaoni, linafuatiwa na kistari, kisha neno la Kiswahili. Watoto wanaitikia kwa sauti, wananakili, kipindi kimekwisha. Kwa "cow" na ng'ombe njia hiyo haina ubaya, tena inaokoa muda. Mtoto anamjua ng'ombe. Anachoongeza ni jina jingine tu. Sikubaliani na wanaotaka Kiswahili kifukuzwe kabisa katika kipindi cha Kiingereza. Mtoto wa miaka saba ana lugha anayofikiri nayo, na kumnyima hiyo ni kumwacha abahatishe. Ila yako maneno ambayo mipaka yake katika lugha hizi mbili haikutani, na hapo neno moja kwa neno moja humpoteza.

Chukueni "borrow" na "lend". Ubaoni yote mawili yameandikiwa "azima". Kesho yake mtoto aliyekosa penseli anamwambia mwenzake, "Please borrow me your pencil," nasi tunamkaripia kana kwamba hakusikiliza. Alisikiliza vizuri sana. Kwa Kiswahili mtoaji anaazima na mpokeaji naye anaazima, na ubao haukumwambia kwamba Kiingereza kimewatenganisha.

Waiteni watoto wawili mbele. Asha ana penseli, Juma hana. Asha anainyoosha na kusema, "I lend you my pencil." Juma anaipokea na kusema, "I borrow your pencil." Aandike nayo neno moja, kisha airudishe. Hatua hiyo ya kurudisha msiiruke, maana bila hiyo darasa litadhani Juma amepewa moja kwa moja. Wabadilishane nafasi, warudie. Baada ya hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni: "When you borrow a pencil, you use it and then you give it back." Kila neno katika sentensi hiyo wameshaliona likitendeka.

Vihusishi vinahitaji muda mrefu zaidi ya tunaovipa. Kiambishi chetu "-ni" kinafanya kazi kubwa: kitabu kiko mezani, peremende ziko mkebeni, watoto wako shuleni. Kiingereza kinadai "on", "in" na "at". Hata "juu ya" haitoshi, kwa sababu kitabu kiko juu ya meza na taa nayo inaning'inia juu ya meza, lakini kitabu kimeigusa meza na taa haikuigusa. Mkebe mmoja na kifutio vinatosha kwa somo zima. Kifutio kiwekwe ndani ya mkebe, kikae juu ya kifuniko, kishikiliwe hewani kwa mkono, kifichwe chini ya mkebe. Mtoto akiweke mwenyewe kadiri anavyoambiwa. Picha ya ukutani inampa mtoto jina la kitu, lakini kitu kikiwa kinasogea anaona uhusiano wake na kingine.

Sehemu za mwili zina shida ileile. "Arm" na "hand" kwetu ni mkono, "leg" na "foot" ni mguu, "finger" na "toe" ni kidole. Fungeni uzi kwenye kifundo cha mkono: kutoka begani hadi kwenye uzi ni "arm", kutoka kwenye uzi hadi ncha za vidole ni "hand". Mara nyingine sisi ndio wenye maneno mengi. Mtoto anayejua mpunga shambani, mchele gunioni na wali sahanini anashangaa kuambiwa vyote ni "rice", na anayemtofautisha mjomba na baba mdogo anaambiwa wote ni "uncle". Mshangao huo ni wa haki. Mwambieni waziwazi kwamba Kiingereza hapo hakitenganishi.

Sasa nije kwenye fasili yenyewe. Michael West, Mwingereza aliyefundisha walimu huko Dhaka, Bengal, enzi za ukoloni, alishughulishwa na tatizo ambalo nasi tunalo: kamusi nyingi humweleza mwanafunzi neno gumu kwa maneno magumu zaidi. Mwaka 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyofafanua maneno na nahau zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kamusi ya wanafunzi ya Longman ya mwaka 1978 ilifuata njia hiyo kwa maneno yapatayo 2,000. Kisha mwaka 1987 ikaja COBUILD, iliyoandaliwa Birmingham chini ya John Sinclair, ikafafanua kwa sentensi kamili, kama mtu anavyomweleza mwenzake. Sentensi yangu ya penseli imefuata mtindo huo.

Darasa la kwanza halina maneno 1,490, lakini kanuni inalifaa. Kuna maneno machache yanayobeba maana za mengine: "person", "animal", "place", "thing", "part", "food", "use", "make", "want", "when", "where". Naomba haya yatangulie. Vitabu vingi huanza na matunda na rangi kwa sababu huchorwa kwa urahisi, na sina ugomvi na embe. Ila embe halitamsaidia mtoto kuelewa "farmer", ilhali "person" na "food" zitamsaidia: "A farmer is a person who grows food." "Grow" haijulikani? Basi ifundishwe kwanza, kwa mbegu ya haragwe kwenye kopo.

Maana hizo zitoke mahali mtoto anapoishi. Tukisema "kitchen" ni chumba cha kupikia, tumemsahau mtoto ambaye kwao hupikwa bandani au uani. "A kitchen is a place where we cook food" inamfaa yeye na wa ghorofani. Tena Kiswahili kinaita jiko mahali pa kupikia na kile kinachowaka moto, kwa hiyo mwalimu akiandika "kitchen – jiko" baadhi ya watoto watawaza jiko la mkaa. Na "thirsty" isiandikwe "kusikia kiu" ikaachwa hapo, kwani mtoto ataleta "I hear thirsty". Aambiwe: "When you are thirsty, you want to drink water." Maana nyingine za neno zisubiri. Leo "light" ni taa, na siku atakapobeba mfuko mwepesi tutakuwa na sababu ya kulifungua tena.

Mtoto huyu akifika sekondari atasoma masomo kama Baiolojia kwa Kiingereza. Atakutana na fasili kila ukurasa, nyingi zikiwa na umbo hilihili la "ni kitu ambacho" na "ni mahali ambapo". Aliyezoea kistari na neno moja la Kiswahili atazikariri bila kuzielewa.

Katika kupima, swali la "andika maana" liwe la mwisho. Kwanza aonyeshe: aweke, achukue, aguse, aazime. Kisha apewe maana achague neno.

Kwa kazi ya vikundi, kila kikundi kichukue maneno 10 kutoka kitabu cha kiada cha darasa lake. Kwa kila neno kiamue: je, neno moja la Kiswahili linatosha, au panahitajika tendo na sentensi? Panapohitajika sentensi, pigieni mstari kila neno ambalo mtoto hajafundishwa, kisha iandikeni upya bila maneno hayo. Watakaopata "already" na "still" wapewe muda zaidi.