Juu ya Neno "Carbon" katika Kiingereza

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja la Kiingereza, nalo ni "carbon". Wanafunzi wa Iringa na Mbeya hulikuta katika vitabu vya sayansi. Wazee wa vijiji hulisikia mikutanoni wanapokuja watu wa habari za misitu. Na makarani wa zamani walilijua kwa ile karatasi nyeusi ya kunakilia. Neno ni hilo hilo, lakini maana zake si moja, na yuko mtu awezaye kupoteza fedha zake, au hata roho yake, kwa kuzichanganya.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambao mkaa waliuita "carbo". Mwaka 1789 Mfaransa Lavoisier alipopanga orodha yake ya elementi, alilitia humo neno hilo kwa umbo la lugha yake. Waswahili nao walipotaka neno la elimu hiyo walipita njia ile ile: walilishika kaa la moto, wakapata "ukaa". Wengine husema "kaboni", wala hawakosei.

Sasa tusikilize linavyotumika. Mwingereza husema, "Charcoal is mostly carbon," yaani mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Angalieni kwamba neno halina "a" mbele yake wala "s" nyuma yake, kwa kuwa kaboni haihesabiki, kama vile maji na unga visivyohesabika. Lakini bwana akimwambia karani wake, "Keep a carbon," hapo "a" yaruhusiwa, maana kinachotajwa si kitu cheusi chenyewe bali ni nakala moja iliyopigwa kwa karatasi ya kaboni. Katika karatasi hiyo ndimo ulimotoka usemi wa "He is a carbon copy of his father." Sisi twasema mtoto na babaye wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na mtu akifasiri kwamba mtoto ni nakala ya kaboni, atachekwa, na atachekwa kwa haki. Zile herufi mbili "cc" katika barua za kompyuta ni masalio ya karatasi hiyo, ingawa wengi waziandikao hawajapata kuigusa.

Tena Mwingereza hutenga majina. Yale yachimbwayo Kiwira, upande wa mpaka wa Malawi, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, huyaita "coal", nasi twayaita makaa ya mawe. Yale ya gunia huyaita "charcoal". Yote yana kaboni nyingi ndani yake, lakini hakuna mama aendaye soko la Mwanjelwa akaomba debe la "carbon".

Yatupasa kukaa zaidi penye hewa mbili ambazo majina yake hufanana sana, nazo ni "carbon dioxide" na "carbon monoxide". Tofauti iko katika silabi za Kigiriki: "di" ni mbili, "mono" ni moja. Hewa ya kwanza ina sehemu moja ya kaboni na mbili za oksijeni, nayo ndiyo hewa ya ukaa tuitoayo puani na ile ifanyayo soda kutoa povu. Kule Kyejo, katika Wilaya ya Rungwe, hewa hii hutoka chini ya ardhi yenyewe, kwa kuwa ni nchi ya volkano. Huvutwa, ikashindiliwa mitungini hata ikawa kama maji, ikauzwa kwa watengenezao vinywaji. Huenda mtoto wa Tukuyu afunguapo chupa ya soda anasikia sauti ya hewa ya kwao.

Hewa ya pili ni adui. Huzaliwa mkaa uwakapo penye hewa haba. Haina rangi wala harufu, wala haikoholeshi kama moshi. Ivutwapo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kuuchukulia mwili oksijeni. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mafinga na ya Uyole inapopenya hata kwenye mifupa, watu huingiza jiko chumbani, wakaziba madirisha, wakalala. Wengi hudhani kwamba jiko likiisha moshi na makaa yakawa mekundu, hatari imekwisha. Sivyo. Kinachokwisha ni moshi uonekanao. Hewa yenye sumu ingali ikitoka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na usingizi huo ndio uuao. Jiko likae nje, na mtu aliyelemewa atolewe mara moja penye hewa safi, apelekwe hospitali.

Tuje kwenye fedha. Siku hizi kuna biashara ya kaboni. Wilayani Mufindi, penye shamba kubwa la miti la Sao Hill, milingoti na mipaina imekuwa mali ya watu wengi; na huko Mapanda kampuni ya Green Resources, ya asili ya Norway, ilipanda miti kwa nia, pamoja na mbao, ya kuuza hesabu ya hewa ambayo miti huifyonza. Katika mazungumzo ya namna hii Mwingereza hukata maneno. Husema "to sell carbon", na muradi wake ni hewa ya ukaa, wala si kaboni peke yake. Je, pana tofauti? Ipo kubwa. Kaboni ya kilo 12 ikiungana na oksijeni ya kilo 32, hupatikana hewa ya ukaa ya kilo 44. Mti mkavu wa kilo 100 una kaboni ya kilo 50 hivi. Nayo ilitoka katika hewa ya ukaa ya kilo 183. Mwanafunzi atauliza mti wa kilo 100 uliwezaje kufyonza kilo 183. Jibu ni kwamba oksijeni iliyozidi ulituachia sisi tuvute.

Basi mkataba ukitaja tani 100 za "carbon", mjumbe wa kijiji na aulize kabla hajatia sahihi: ni tani za kaboni, au za hewa ya ukaa? Maana tani 100 za kaboni ni sawa na tani 367 za hewa ya ukaa, na sokoni hati moja huhesabiwa kwa tani moja ya hewa hiyo. Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za biashara hii mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Huko swali kama hilo halionekani kuwa la kipumbavu.

Limebaki jambo moja kwa wanafunzi. "Carbon dating" ni kupima umri wa vitu vilivyokuwa na uhai, kwa aina ya kaboni ambayo nusu yake hupotea katika kila miaka 5,730. Hufaa kwa miaka ipatayo 50,000 tu. Shoka za mawe za Isimila, karibu na mji wa Iringa, zakisiwa kuwa na umri wa miaka 260,000, na hesabu hiyo ilipatikana kwa njia ya urani. Atakayeandika katika mtihani kwamba umri wa Isimila ulijulikana kwa "carbon" atakatwa alama.