Ramani za Zamani za Usambara na Historia ya Usharika



Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, makabila saba ya Israeli yalikuwa bado hayajapata urithi wao. Yoshua hakukimbilia kupiga kura. Aliagiza kwanza wachaguliwe watu watatu kutoka kila kabila, watembee katika nchi, waiandike kitabuni, kisha warudi kwake Shilo. Wasomaji wengi wa Biblia huiruka sura hiyo kwa sababu imejaa mipaka na majina ya miji. Hata hivyo utaratibu wake unafaa sana kwa kamati yoyote inayoandika historia ya miaka mia moja: miguu hutangulia, kalamu hufuata.

Nchi ya milima ya Usambara nayo iliandikwa, ila waliochora ramani zake za mwanzo hawakuwa wana wa makabila yake. Mwaustria Oscar Baumann alizunguka huku mwaka 1890, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chenye ramani. Mwaka huohuo wa 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo. Baadaye ikatolewa mjini Berlin ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa skeli ya 1:300,000, iliyohaririwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Ramani hiyo ilikusanywa kutokana na safari za watu wengi. Msafiri wa siku zile alitembea na dira na saa mkononi, akaandika mwelekeo wa njia na muda wa mwendo, na kimo cha mlima akakikadiria kwa kupima joto la maji yanayochemka. Kwa hiyo mahali ilipopita njia ya misafara karatasi imejaa majina, na mahali ambapo hapakupita mzungu pana weupe. Msomaji asidhani kwamba penye weupe hapakuwa na watu. Moshi wa majiko ulikuwapo. Aliyekosekana ni mwandishi.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mjerumani aliandika kama sikio lake lilivyosikia na kama alfabeti ya kwao ilivyomruhusu. Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi, imeandikwa Wuga, kwa kuwa kwa Kijerumani herufi W husomwa V. Mazinde imekuwa Masinde. Kwa desturi hiyohiyo Moshi ni Moschi na Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Kijana anayemtafuta babu yake kwenye karatasi hizo asome kwa sauti, tena mbele ya mzee anayekijua Kishambaa vizuri. Mara nyingi sikio la mzee litalitambua jina ambalo jicho la kijana limelipita. Ikumbukwe pia kwamba msafiri alipouliza, “Hapa ni wapi?”, aliweza kujibiwa kwa jina la zumbe wa mahali hapo. Zumbe alipofariki au kuhama, ramani ilibaki na kijiji ambacho hakuna tena anayekijua.

Halafu yako majina yaliyoletwa kutoka mbali. Lushoto iliitwa Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari. Kituo cha Mlalo kiliitwa Hohenfriedeberg. Kule Shume palikuwa na Neu-Hornow, ambako mbao zilishushwa hadi Mkumbara kwa kamba za chuma zilizoning'inia hewani. Baadhi ya waandishi wa historia za sharika huyafuta majina hayo kwa uchungu, na wengine huyatumia peke yake kana kwamba nchi haikuwa na jina kabla yake. Kitabu cha Mwanzo 28:19 kinafanya vizuri zaidi: Yakobo alipaita mahali pale Betheli, na palepale Maandiko yanataja kwamba hapo kwanza mji uliitwa Luzu. Majina yote mawili yameandikwa. Shirika lililoileta Injili Mlalo lilikuja kujulikana kwa jina la Betheli, na kwa hiyo fundisho hili linawahusu hasa watoto wake.

Ramani nyingi zilizopatikana kwa nakala hazina tarehe inayosomeka. Hapo reli ni kalenda nzuri. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Ramani inayoonyesha reli ikikomea Korogwe imebeba habari za kati ya miaka hiyo miwili, hata kama ilichapishwa baadaye.

Ramani za 1:50,000 ni jambo jingine kabisa. Zilitengenezwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946, ikaendelea hata baada ya Uhuru. Sentimeta 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 ardhini. Humo zinaonekana njia za miguu, vijito, nyumba zilizotawanyika, shule na makanisa, pamoja na mistari ya kontua inayoeleza kwa nini watu wa ng'ambo ya bonde, walio karibu kwa jicho, waliomba wapewe mtaa wao wenyewe. Mchungaji aliyewahi kupanda mteremko wa Usambara na vyombo vya Meza ya Bwana begani anaielewa mistari hiyo bila mwalimu.

Lakini hata ramani bora ina upofu wake, na hapa ndipo historia ya Kanisa inapoweza kupotoshwa. Wachoraji waliweka alama kwenye kituo cha misheni, penye nyumba ya mawe na kengele. Hawakuweka alama kwenye banda la nyasi ambamo mwalimu Mshambaa alifundisha katekisimu. Baada ya Waingereza kuiteka nchi hii mwaka 1916, kazi ya wamisionari Wajerumani ilivunjika. Walifukuzwa mwaka 1920, na kurudi kulianza mwaka 1925. Katika miaka hiyo Injili haikulala. Ilibebwa na walimu wa vijijini, katika mahali ambapo ramani inaonyesha msitu au haionyeshi kitu. Anayeandika historia ya usharika kwa kufuata alama za ramani peke yake ataandika historia ya wageni, na waliolilinda kundi wakati wa ukiwa watakosa hata mstari mmoja.

Dawa yake ni kutembea. Kamati ichukue nakala ya 1:50,000, iketi na wazee, kisha iende nao. Swali lisiwe “Kanisa la kwanza lilikuwa wapi?”, maana kila ukoo utalivuta kwake. Iulizwe: “Jumapili mlipita njia ipi? Mlivuka mto gani? Mvua iliponyesha mlijikinga wapi?” Kina mama wasiachwe nyuma. Aliyeolewa kutoka bonde jingine alijifunza njia za huku akiwa mtu mzima, kwa hiyo anazikumbuka moja moja.

Onyo moja ni la lazima, kwa kuwa ramani za zamani zimekwisha kuingizwa katika ugomvi wa mashamba. Katika 1:300,000, milimeta 1 ni mita 300. Hata katika 1:50,000, mstari wenye unene wa nusu milimeta unafunika mita 25, upana unaotosha shamba zima la mahindi huku milimani. Ramani hizi hazikuchorwa kuonyesha mipaka ya viwanja. Zisipelekwe barazani kumnyang'anya jirani shamba, wala kulipatia Kanisa ardhi ambayo hati zake hazionekani.

Karatasi za 1:50,000 huulizwa katika ofisi za upimaji na ramani za Wizara ya Ardhi. Kumbukumbu za Misheni ya Betheli, iliyoungana na Misheni ya Rhein mwaka 1971, zimo Wuppertal, Ujerumani. Jina litakalothibitishwa na wazee liandikwe kwa penseli juu ya nakala, kando yake jina la aliyelitaja na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe yote mawili. Nakala moja ibaki katika ofisi ya usharika, na nyingine ipelekwe dayosisi.