Mti Mkongwe wa Uani: Kuutunza au Kuuondoa

(Mada ya elimu ya mazingira iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kijiji)



Katika kaya nyingi za mkoa huu, kuanzia Ikungi hadi Kiomboi, upo mwarobaini au mjohoro uliopandwa watu walipohamia vijijini miaka ya 1970. Wakati huo nyumba ilikuwa tembe, na mti ulikuwa mche uliozungushiwa miiba ili mbuzi wasiufikie. Leo tembe imekuwa nyumba ya bati, mti umeipita kwa kimo, na kila upepo wa kiangazi unapovuma wenye nyumba hawaelewani. Kijana aliyenunua bati anataka mti ukatwe. Bibi anayepepetea mtama chini yake hataki kusikia habari hiyo. Wote wana hoja, lakini umri wa mti pekee hauwezi kuwaamulia.

Kuukata ni kazi ya asubuhi moja. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, na mche uliopandwa Desemba hukabiliwa na miezi ipatayo saba ya ukavu kabla ya kuonja mvua ya pili. Kivuli kinachoondolewa leo huenda kisirudi hadi mjukuu aliye chekechea amalize sekondari. Hata hivyo, mti ukiangukia chumba walimolala watoto, hakuna atakayekumbuka kivuli.

Ukaguzi huanzia chini. Upepo wa Singida huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo mizizi ya upande huo hushikilia mti kama kamba za hema. Ikiwa ilikatwa wakati wa kuchimba choo, msingi au mtaro wa bomba, mti unaweza kusimama kwa bahati tu, hata kama majani yake ni mabichi. Udongo ukipasuka au kuinuka upande huo, na mti ukaanza kuinama hivi karibuni, hapo hakuna mjadala: watu wahame chini yake na uondolewe. Mti ulioinama tangu ujana, kisha shina likajipinda kuelekea juu, ni habari nyingine.

Uyoga unaoota kwenye kitako cha shina ni dalili ya kuoza ndani. Shina likigongwa kwa kisogo cha shoka na kutoa sauti ya mtungi mtupu, lichunguzwe zaidi, lakini uwazi peke yake si hukumu, kwa kuwa uhai wa mti uko katika tabaka la nje. Mchwa nao husingiziwa mno. Mara nyingi hula gamba na mbao zilizokwisha kufa.

Pengine tatizo ni tawi moja kavu juu ya jiko. Likatwe hilo. Desturi ya kufyeka kichwa chote haifai: machipukizi huja haraka, lakini hushikwa na gamba tu, na jeraha huoza kushuka chini. Wakati mwingine ni rahisi zaidi kuhamisha jiko.

Ikibidi kukata, ofisi ya kijiji na afisa misitu waulizwe kwanza, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda baadhi ya miti ya asili, na usafirishaji wa mbao au mkaa unahitaji kibali. Mti ulio karibu na nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO, si ya kijana mwenye panga.

Mwarobaini na mjohoro huchipua kutoka kwenye kisiki. Kama mizizi ni mizima na ukuta uko mbali, yaachwe machipukizi mawili yenye nguvu; yatanywa kwa mizizi ya zamani na hayatateseka kama mche. Na mti unaoweza kusubiri misimu miwili upandiwe mrithi kwanza, mbali na nyumba kwa kadiri ya kimo utakachofikia, na shimo lake lichimbwe Oktoba, kabla ya mvua.