Ukuta wa maji na alama za ugonjwa wake

Wazee, akina baba na akina mama, na ninyi vijana wa machimbo, sikilizeni. Leo nasema habari ya kuta za beto zinazozuia maji: za kuosha madini, za mabwawa ya samaki, za mashini ya taa. Maji ya vilima vya Masisi hushuka mpaka Walikale. Ukuta ukivunjika juu, watakaopatwa ni watu wa chini.

Watu husema, beto ni jiwe, haifi. Sivyo. Beto huugua. Maji hupita ndani yake polepole, huondoa chokaa ya simenti. Vyuma vya ndani vikipata kutu huvimba, huipasua. Tena mawe mengine hayapatani na magadi ya simenti. Huko Jinja, Uganda, ukuta wa Owen Falls ulifunguliwa mwaka 1954. Baadaye beto ya nyumba ya mashini ikavimba, ikapata nyufa kwa sababu hiyo. Nyufa zilionekana, zikapimwa.

Ukuta wa Malpasset, Ufaransa, ulimalizika mwaka uo huo 1954. Ugonjwa haukuwa katika beto, ulikuwa katika mwamba ulio chini yake. Novemba 1959 maji yalionekana yakivuja. Usiku wa tarehe 2 Desemba ukuta ukavunjika, wakafa watu zaidi ya 400.

Basi, ukuta huangaliwaje?

1. Ufa. Pigeni mstari wa rangi pale ufa unapoishia, andikeni tarehe. Ufa mdogo unaokua ni mbaya kuliko ufa mkubwa wa zamani usioongezeka.

2. Madoa. Meupe, chokaa inatoka. Mekundu, chuma kinaliwa na kutu.

3. Sauti. Gongeni kwa nyundo ndogo. Beto nzima hulia kwa ukali; iliyoachana ndani hulia kama mtungi mtupu.

4. Maji yanayovuja. Kila juma kingeni chupa ile ile, hesabuni inajaa kwa muda gani. Ikijaa upesi kuliko juma lililopita, na mvua haikunyesha, ni vibaya. Maji yakitoka na matope, hatari ni kubwa: udongo chini ya ukuta unachukuliwa.

5. Mguu wa ukuta. Maji yanayoruka huchimba shimo pale. Mtu asiongeze lake kwa kutafuta madini, wala asiondoe mawe.

Mkiona matope, au ufa unaokua upesi, msingoje kesho. Kwanza waondoeni watu bondeni, hata kama ni usiku. Kisha mpasheni chifu habari. Kisha, kama ukuta una mlango wa maji, ufungueni kidogo kidogo ili bwawa lishuke.

Chagueni mtu mmoja ajuaye kuandika, mpeni daftari. Jicho husahau ukubwa wa ufa wa mwezi uliopita, daftari halisahau.

Nimekwisha. Mwenye swali aulize.