Jengo Huanza na Watu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

Nimeombwa tuzungumze juu ya majengo, nami nimefurahi, kwa sababu kikundi kikishapata akiba kidogo, jambo la kwanza kutajwa mkutanoni huwa ni jengo. Tujenge ukumbi. Tujenge darasa la chekechea. Tujenge ghala la mahindi. Hamu hiyo ni njema.

Lakini nanyi mmeyaona mengine. Jengo limekwisha, limepakwa rangi, bamba la ufunguzi liko ukutani, na kufuli iko mlangoni mwaka mzima. Au darasa ambalo ikifika saa nane mchana watoto wanasinzia wote, si kwa uvivu, bali kwa joto la mabati. Na pesa zile zilitoka wapi? Ni za mama aliyeuza kuku na ndizi, shilingi kwa shilingi. Jengo likikosa kazi, ni jasho lake limemwagika.

Basi neno langu leo ni moja tu: jengo huwafaa watu pale wanaolitumia walipoamua wenyewe, kuanzia ardhi mpaka dirisha.

ARDHI KWANZA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa hapa Voi tunao mtaa wa Tanzania-Bondeni. Watu waliishi pale miaka mingi katika nyumba za udongo na fito, lakini hati ya ardhi hawakuwa nayo. Mtu asiye na hati hajengi vizuri. Ataweka wapi mawe yake, na kesho anaweza kuambiwa ahame?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mpango wa kuinua miji midogo. Serikali ya Kenya, baraza la mji la wakati ule na shirika la Ujerumani la GTZ walishirikiana. Desturi ya mipango kama hiyo ni kupima viwanja na kumpa kila mtu chake. Ni jambo zuri, lakini lina mtego wake. Kule Dandora, Nairobi, mpango wa viwanja kama 6,000 ulianza mwaka 1975 kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Baada ya muda wengi waliuza au walipangisha, na wenye uwezo wakaingia. Maskini akiwa na shida ya ada au ya hospitali, kiwanja ndicho anachouza kwanza.

Wakazi wa Tanzania-Bondeni walielezwa njia mbalimbali, wakajadiliana, wakachagua njia ambayo Kenya haikuwa imeijaribu mjini: ardhi iwe mali ya wote chini ya wadhamini, na nyumba iwe mali ya mwenyewe. Ukihama unauza nyumba, lakini ardhi huiuzi. Kwa njia hiyo tajiri hawezi kuja kununua mtaa kipande kwa kipande. Wazo hilo lilitoka Marekani, ambako wakulima weusi wa jimbo la Georgia walilianzisha mwaka 1969, kwa kuwa nao walikuwa wakifukuzwa mashambani.

Sitaki mfikiri ilikuwa kazi rahisi. Sheria za Kenya hazikuwa na mlango wa jambo kama lile. Ilibidi kuunganisha sheria kadha, kuunda chama na kuunda wadhamini, na karatasi zilichukua muda mrefu sana. Mitaa mingine haikuiga. Tena palipo na shida ya pesa, kishawishi cha kuuza kwa siri hakiishi. Lakini somo limebaki: watu wasiosoma sheria walikaa, wakasikilizana, wakaamua juu ya ardhi kabla ya kugusa tofali.

Kwenu ninyi maana yake ni hii. Msijenge juu ya ahadi ya mdomo. Mzee mwema akisema, "Jengeni tu hapo kwangu," mshukuruni, kisha mwandikiane. Mzee atakufa, na watoto wake hawakuwepo siku ile. Nendeni ofisi ya ardhi mkaangalie kiwanja kimeandikwa jina la nani. Kama ni shamba linalokatwa, pateni kibali cha bodi ya ardhi. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano ni nani wadhamini, na siku kikundi kikivunjika jengo litakuwa la nani.

JUA, UPEPO NA UDONGO WETU

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe. Voi ni joto, Wundanyi ni baridi. Ramani iliyofaa kule mlimani haiwezi kunakiliwa tu huku chini. Hata hivyo twafanya hivyo kila siku, kwa sababu fundi anayo ramani moja kichwani.

Huku chini, ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini, na ukuta mfupi utazame mashariki na magharibi. Jua letu hupita karibu na utosi. Linalochoma zaidi ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kutoka ubavuni. Madirisha yatazamane, upepo uingie huku utokee kule. Acheni matundu juu ya ukuta karibu na paa, maana hewa ya moto hupanda, na isipopata njia hukaa vichwani mwenu. Paa litokeze mbele vya kutosha, liwe baraza. Mababu walijua hayo. Nyumba ya nyasi haikuwachoma kama mabati.

Yupo mwana wa Afrika aliyeuonyesha ulimwengu jambo hili, Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Akiwa bado mwanafunzi Ujerumani alichangisha pesa za shule ya kijiji chake. Aliposema itakuwa ya udongo, wanakijiji walisita, kwa kuwa udongo waliuona ukiyeyuka kila mvua. Yeye alichanganya udongo na saruji kidogo, akaukandamiza kuwa matofali, kisha akainua paa la mabati juu zaidi ya dari ili upepo upite katikati na ukuta usilowe. Watoto walileta mawe ya msingi, akina mama wakaleta maji. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kwa wachoraji wa majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza. Na hapa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, kipo chuo alichokichora kilichokamilika mwaka 2021. Kina minara mirefu inayotoa hewa ya moto, kama kichuguu cha mchwa.

Kwa hiyo msiudharau udongo. Tofali la kuchoma hula kuni, na miti yetu mwaijua ilivyobaki. Tofali la kukandamiza kwa mashine ya mkono halichomwi. Hufunikwa kivulini na kumwagiwa maji hadi likomae. Jaribuni udongo wenu kwanza. Tieni kwenye chupa pamoja na maji, tikiseni, iacheni itulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka, ukikosekana, halitashikana.

Zamani mtu aliyetaka kujenga hivyo mjini aliambiwa ni kosa, kwa sababu kanuni za ujenzi za 1968 zilifuata mno mfano wa Uingereza. Mwaka 1995 zilirekebishwa, vifaa vya kwetu vikapata nafasi. Siku hizi iko Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Kabla ya kuchimba msingi, pelekeni ramani ofisi ya kaunti ikapitishwe.

PAA NI KISIMA

Mnaijua shida ya maji. Haya, tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Ukumbi wa mita 8 kwa 15 una paa la mita 120. Tuseme mwaka umekuwa mbaya, mvua ni milimita 400 tu. Hizo ni lita 48,000. Toeni sehemu moja kwa tano ya kupotea, zinabaki lita 38,400, yaani mitungi 1,920 ya lita 20. Nani hapa ana mgongo wa kubeba mitungi hiyo kutoka mtoni? Na bado twajenga kumbi bila mifereji ya paa!

Basi tangi liwe katika hesabu tangu mwanzo, si la "tutaongeza baadaye". Maji ya kwanza ya mvua yamwageni, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Na kwa ndugu wa Sagalla na Kasigau: ndovu hunusa maji. Tangi lisikae mahali ambapo mtoto atakutana naye alfajiri.

KAENI CHINI KABLA YA KUCHIMBA

Mwisho, muulize kila atakayetumia jengo, na mmwulize mahali anapoweza kusema. Akina mama wakikaa nyuma ya wazee katika baraza, hawatasema choo kiko mbali na giza likiingia wanaogopa. Waulizeni peke yao. Mwulizeni mwenye kiti cha magurudumu kama atapanda ngazi zile tatu. Mteremko wenye urefu wa mara 12 ya kimo chake humtosha. Mwulizeni mpishi moshi utatokea wapi.

Kisha chukueni kamba na vigingi, mchore jengo chini, kwa ukubwa wake kamili. Ingieni ndani, mkae, mtembee, mpite "mlangoni". Kamba kusogezwa ni bure. Ukuta kuvunjwa ni akiba ya mwaka mzima.

Na mkubaliane ufunguo utakaa kwa nani, na nani atalipia bati likipasuka. Jengo lenye watu wake halikosi mtu wa kulifungua asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ardhi ya jengo letu imeandikwa jina la nani? Karatasi iko wapi?
2. Ni akina nani hawajaulizwa bado juu ya ramani yetu?
3. Pimeni paa moja kijijini mkapige hesabu: mwaka jana tulipoteza mitungi mingapi?
4. Lipo jengo lililofungwa karibu nasi? Lingefaa kazi gani kabla hatujajenga jipya?