Karavani ya Kwanza kwa Familia Yenye Watoto Wadogo: Mambo Manne Yasiyoonekana kwa Macho



Jambo tutakalolizungumza linawahusu watoto wenu kuliko mtu mwingine yeyote. Ninyi mnaoishi hapa Uingereza mmeziona karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari, zikipita barabarani kila majira ya joto. Mzazi mwenye watoto watatu akipiga hesabu ya hoteli, huiona karavani kuwa ukombozi: vitanda vipo, jiko lipo, na mtoto akisinzia mapema hakuna haja ya kumwamsha.

Hatukuja kuwavunja moyo. Tumekuja kusema kwamba anayenunua karavani kwa mara ya kwanza huangalia mapazia na mito, ilhali yanayoweza kumletea hasara au msiba hayaonekani kwa macho. Nayo ni manne: uzito, unyevu, hewa na deni.

Tuanze na uzito. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, leseni ya Uingereza ya gari dogo humruhusu mwenye nayo kukokota tela ambalo uzito wake wa juu ulioidhinishwa hauzidi kilo 3,500. Lakini leseni kuruhusu ni jambo moja, na gari kumudu ni jambo jingine. Kila gari lina mpaka wake uliowekwa na mtengenezaji, na mpaka huo haupitwi. Wazoefu humshauri mgeni wa kazi hii akae chini zaidi: karavani iliyokwisha kupakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Kwa gari la kilo 1,500, hiyo ni kilo 1,275.

Haba na haba hujaza kibaba. Ikiwa karavani tupu ina kilo 1,130 na mwisho wake ni kilo 1,275, mmebakiwa na kilo 145 tu kwa kila kitu: mtungi wa gesi, hema la mlangoni, baiskeli, kitanda cha mtoto mchanga na vyakula. Lita 40 za maji peke yake ni kilo 40. Pakieni vizito chini, karibu na ekseli, wala msivirundike nyuma, kwani mkia mzito huifanya karavani iyumbe. Ikianza kuyumba, dereva aachilie kanyagio la mafuta na kuacha mwendo upungue taratibu. Asikanyage breki kwa nguvu. Mahali ambapo hakuna kikomo cha chini zaidi, gari dogo lenye karavani lisizidi maili 50 kwa saa katika barabara isiyogawanywa katikati, na maili 60 katika barabara iliyogawanywa na katika barabara kuu za mwendo kasi. Watoto wakae garini, katika viti vyao vya usalama. Hata akililia kitanda chake, mtoto asiachwe ndani ya karavani inayokwenda.

La pili ni unyevu. Maji hupenya polepole kwenye maungio ya karavani, yakaozesha mbao zilizo nyuma ya ukuta, huku ukuta wenyewe ukionekana safi. Nuseni kabla ya kutazama. Fungueni makabati, bonyezeni pembe na chini ya madirisha. Panapobonyea panatia shaka. Ombeni taarifa ya vipimo vya unyevu, au mlipeni fundi asiye wa muuzaji aipime karavani. Tazameni pia matairi. Karavani hukaa bila kutumika kwa miezi mingi, kwa hiyo tairi huweza kuzeeka kabla ya meno yake kulika. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililotimiza miaka saba libadilishwe, hata likionekana jipya.

Hapa ndipo haki zenu zinapoingia. Mkinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 huwapa siku 30 za kuikataa karavani yenye kasoro na kurudishiwa fedha. Siku hizo zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha. Katika miezi sita ya mwanzo, kasoro ikijitokeza huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Mkinunua kwa mtu binafsi, kinga hiyo hupungua sana: karavani itapaswa kulingana na maelezo yake, na mtu huyo awe na haki ya kuiuza. Basi hifadhini tangazo, ujumbe wa simu na stakabadhi.

La tatu ni hewa, na hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini. Sisi tuliokulia penye nyama choma na jiko la mkaa tumezoea makaa yakiwa kiwanjani. Mvua ikinyesha jioni na watoto wakitetemeka, huja wazo la kuliingiza jiko ndani au chini ya hema la mlangoni. Msifanye hivyo kamwe, hata kama moto umefifia na makaa yamefunikwa majivu. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala. Msizibe matundu ya kupitishia hewa ili kuzuia baridi. Wekeni king'ora cha kaboni monoksidi na kukijaribu kabla ya kila safari, na vifaa vya gesi vikaguliwe na fundi mwenye sifa kila mwaka. Watu kadhaa wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, msidhani ni uchovu wa safari. Watoeni wote nje mara moja, kisha pigeni 999.

La nne ni deni. Karavani haiandikishwi serikalini kama gari. Ipo daftari ya hiari iitwayo CRiS, ambayo huandika namba ya utambulisho ya karavani na jina la anayeitunza, lakini hati yake si uthibitisho wa umiliki. Karavani iliyokopewa huweza kuwa bado mali ya mkopeshaji, naye akaja kuidai mlangoni kwenu. Ulizieni deni kabla ya kutoa arubuni, linganisheni namba ya kwenye hati na ile iliyochorwa madirishani, na mkutane na muuzaji nyumbani kwake, si kwenye maegesho ya magari.

Mwisho, kabla ya kununua, kodini karavani kwa siku mbili, mahali pa karibu na nyumbani. Walazeni watoto, pikeni, osheni vyombo. Usiku mmoja wa mvua utawafundisha mengi kuliko maneno ya muuzaji. Mkiona inawafaa, nunueni kwa utulivu. Asemaye kwamba bei ni ya leo tu, mwacheni na leo yake.