Tazama Nyuma ya Shabaha



Mtu anayelipa ada ili ajifunze kulenga shabaha katika uwanja wa wazi hutazama kwanza bunduki. Sisi twawashauri mtazame kwanza udongo. Karatasi ya shabaha haizuii risasi, huipitisha tu. Hata risasi ya bunduki ndogo ya .22, isipopata kizuizi, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 1, na huko kuna mashamba, njia na nyumba za watu.

Kwa hiyo, nyuma ya shabaha sharti pawe na tuta la udongo au mchanga linalozidi shabaha kwa kimo na upana, lisilo na mawe wala vyuma, kwa kuwa risasi ikigonga kitu kigumu hubadili mwelekeo. Ubavuni pawe na matuta mengine. Wafyatuaji wote wasimame kwenye mstari mmoja, waelekee upande mmoja, wakimtii msimamizi mmoja. Mtu yeyote asivuke mstari huo kabla bunduki zote hazijaondolewa risasi.

Ulizeni pia kuhusu maji. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Uwanja haufai kuwa kando ya kisima wala kijito. Nanyi naweni mikono kabla ya kula.

Mkiona tuta limemomonyoka, msione haya kuomba mrudishiwe ada na kuondoka. Haki ya mlaji huanza na uhai wake, pamoja na uhai wa jirani aliye ng'ambo ya tuta.